Uzalendo, Wanajeshi na Kampeni za Urais Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shangazi yangu wa Moshi huamka saa kumi na moja alfajiri kutazama mikutano mikuu ya vyama vya Marekani. Huku kwetu Marekani inakuwa saa nne usiku. Mwaka 2024 alinipigia hata hotuba haijaisha: "Mwanangu, hawa wanagombea urais au ujenerali?" Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaandika maswali yake, ya wenzangu wa kanisani, na ya vijana wa nyumbani wanaofuatilia mambo haya kwenye simu. Yanayojirudia zaidi ni haya.

"Kuwaunga mkono wanajeshi" maana yake hasa ni nini?

Inategemea anayesema. Yupo anayemaanisha: namwombea kijana wa jirani arudi mzima. Yupo anayemaanisha: tumlipe, tumtibu na tumsomeshe kama tulivyomwahidi. Na yupo anayemaanisha: vita hivi ni vya haki, nyamaza. Maneno ni yaleyale, na mwanasiasa stadi huingia kwa mlango wa kwanza akatokea wa tatu bila msikilizaji kushtuka. Ukibisha lile la tatu, anakujibu kana kwamba umelikana la kwanza.

Msemo huu una kidonda cha Vietnam ndani yake. Vita vile viliisha vibaya, na zikabaki simulizi za askari waliorudi wakatukanwa, hata kutemewa mate. Wanahistoria bado wanabishana ni mara ngapi hayo yalitokea, lakini aibu iliyobaki haibishaniwi. Ndiyo maana vita vya Ghuba vilipoanza mwaka 1991 Wamarekani walifunga riboni za njano kwenye miti na milango, na hata waliopinga vita walijihimu kusema kwanza kwamba hawana ugomvi na askari.

Mimi nilifika mwaka 2006, wakati wa Iraq. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya matoroli kwenye maegesho ya supamaketi, na karibu kila gari la tatu lilikuwa na sumaku ya riboni ya njano nyuma, pembeni ya namba. Jua lilikuwa limezipausha baadhi yake hata maneno hayasomeki. Mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu moja alikuwa amepigana Vietnam. Siku moja alibandua moja kwa ukucha, akanionyesha rangi ya gari chini yake, safi kabisa. "Unaona? Haiachi alama." Akairudisha mahali pake, akaendelea na matoroli.

Mtindo huu ulianza lini?

Zamani sana. Rais wa kwanza, George Washington, alikuwa jenerali, na baada yake wapiga kura wamewapandisha majenerali wengine: Andrew Jackson, Zachary Taylor, Ulysses Grant, Dwight Eisenhower. Huyu wa mwisho, mwaka 1952, vita vya Korea vikiwa vimekwama, alitangaza wiki chache kabla ya kura kwamba akichaguliwa atakwenda Korea mwenyewe. Hakueleza atafanya nini akifika. Alishinda, akaenda Desemba, kabla ya kuapishwa.

Ila uchaguzi ambao ningemwelekeza mtu yeyote asome ni wa 1864. Nchi imegawanyika, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea, na Rais Abraham Lincoln anapambana na George McClellan, jenerali ambaye Lincoln mwenyewe aliwahi kumfukuza kazi. Chama cha McClellan kiliandika kwenye ilani yake kuwa vita vimeshindwa. Yeye mwenyewe ikabidi aikane ilani ya chama chake, kwa sababu angewatazamaje machoni askari aliowaongoza? Majimbo 19 ya Kaskazini yalikuwa yamepitisha sheria za kuwaruhusu askari kupiga kura wakiwa kambini. Wengi walidhani watamchagua jenerali wao wa zamani, waliyempenda kweli. Katika kura zao zilizohesabiwa peke yake, zaidi ya robo tatu zilikwenda kwa Lincoln.

Yaani hata wakati huo wanasiasa walizungumza kwa niaba ya askari, na askari walipoulizwa wenyewe wakajibu lingine. Shika hilo, maana litarudi.

Rais lazima awe amepitia jeshini?

Hapana. Katiba inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu akiwa raia. Bill Clinton, Barack Obama, Donald Trump na Joe Biden hawakuwahi kutumikia jeshi.

Kwa hiyo aliyepigana vita ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda?

Watu wengi wanaamini hivyo. Sasa hesabu nami.

1992: George Bush mzee, rubani wa jeshi la majini aliyetunguliwa katika Pasifiki mwaka 1944, alishindwa na Clinton, aliyekwepa Vietnam. 1996: Bob Dole, ambaye mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena tangu ajeruhiwe Italia mwaka 1945, alishindwa na Clinton huyohuyo. 2000: Al Gore, aliyekwenda Vietnam kama mwandishi wa habari wa jeshi, alishindwa na George W. Bush, aliyebaki nyumbani katika kikosi cha anga cha akiba huko Texas. 2004: John Kerry na nishani zake akashindwa na Bush. 2008: John McCain, mateka wa vita kwa zaidi ya miaka mitano Hanoi, akashindwa na Obama.

Mara tano mfululizo aliyekuwa karibu zaidi na vita alipoteza. Ukirudi nyuma hadi 1972 utamkuta George McGovern, rubani wa ndege za mabomu aliyeruka safari 35 katika vita vya pili vya dunia, akipewa jina la mtu laini asiyeweza kuilinda nchi kwa sababu alitaka Vietnam ikome. Alipoteza majimbo 49 kati ya 50.

Sisemi utumishi unamdhuru mgombea. Nasema mpiga kura hapimi utumishi, anapima mfano wa askari aliojijengea kichwani. McGovern alikuwa askari kweli, ila hakufanana na ule mfano.

Kerry alifanywaje hasa mwaka 2004?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nivumilieni.

Kerry alikuwa luteni wa jeshi la majini, akiongoza mashua ndogo za doria kwenye mito ya Vietnam. Alirudi na nishani ya Silver Star, ya Bronze Star, na tatu za Purple Heart, ambazo hutolewa kwa aliyejeruhiwa na adui. Kisha akafanya jambo ambalo sehemu ya nchi haikumsamehe. Aprili 1971, akiwa na miaka 27, aliketi mbele ya kamati ya Seneti akaipinga vita aliyopigana. Aliuliza: unamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa?

Miaka 33 baadaye, kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini Boston, alipanda jukwaani, akapiga saluti, akasema yeye ni John Kerry na ameripoti kazini. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Washauri wake walidhani wamelifunga suala la uzalendo kwa kufuli.

Agosti likaja tangazo la kundi lililojiita Swift Boat Veterans for Truth. Walikuwa wanajeshi wastaafu wa mashua zilezile za Vietnam, wakidai Kerry alidanganya kuhusu nishani zake. Wengi wao hawakuwa kwenye mashua yake. Kumbukumbu za jeshi la majini zilimuunga mkono yeye, na karibu wote waliokuwa chini yake mashuani walisimama naye. Haikusaidia. Tangazo lililipiwa katika majimbo machache tu, lakini televisheni za habari zililirusha bure mchana na usiku kwa kisingizio cha kulijadili. Kambi ya Kerry ikachelewa kujibu, ikidhani upuuzi utajifia wenyewe. Kwenye mkutano mkuu wa Republican mjini New York baadhi ya wajumbe walijibandika plasta zenye moyo wa zambarau, kukejeli nishani ya majeruhi. Hebu fikiria: chama kilichokuwa kikihubiri heshima kwa askari, katikati ya vita, kinacheka vidonda vya askari.

Ukisikiliza matangazo yaliyofuata utagundua kwamba mashua ilikuwa mlango tu. Tangazo la pili liliweka sauti ya Kerry ya 1971. Hapo ndipo walipokuwa wakielekea. Kosa lake lilikuwa kurudi kutoka vitani na mdomo.

Alijichimbia shimo pia, tusimwonee huruma kupita kiasi. Kuhusu dola bilioni 87 za vita vya Iraq na Afghanistan alisema kwamba alizipigia kura ya ndiyo kabla ya kuzipigia ya hapana. Kulikuwa na maelezo: alitaka zilipwe kwa kupunguza nafuu ya kodi ya matajiri. Lakini ukishahitaji dakika tano kueleza sentensi ya sekunde tano, umeshaliwa. Upande wa pili nao haukuwa msafi. Shirika la habari la CBS lilirusha nyaraka kuhusu utumishi wa Bush huko Texas, likashindwa kuthibitisha uhalali wake, na mtangazaji wake Dan Rather akaomba radhi.

Bush alishinda kwa kura 286 dhidi ya 251 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais. Wamarekani wakapata kitenzi kipya kutokana na jina la zile mashua, maana yake kumchafulia mtu kile kilichokuwa fahari yake.

Na yule wa kifaru?

Michael Dukakis, 1988. Septemba 13 alitembelea kiwanda cha vifaru huko Sterling Heights, Michigan, akapanda M1 Abrams, akazungushwa uwanjani huku ametoa kichwa juu. Alivaa kofia ngumu ya askari wa vifaru, kubwa, mikanda imembana mashavuni, jina lake limeandikwa kwa mbele. Alikuwa anatabasamu na kupunga mkono. Waandishi waliokuwa pembeni wakaangua kicheko, na baada ya wiki chache picha hizo zilikuwa kwenye tangazo la mpinzani wake, Bush mzee.

Kinachosahaulika ni kwamba Dukakis alikuwa amelitumikia jeshi la nchi kavu, akapangiwa Korea katikati ya miaka ya 1950. Angesimama chini na suti yake akazungumza na mafundi, asingechekwa na mtu.

Mwaka huohuo Bush alitembelea kiwanda cha bendera New Jersey, na akamsulubu Dukakis kwa sababu mwaka 1977, akiwa gavana wa Massachusetts, alikataa kutia saini sheria ya kuwalazimisha walimu kuongoza kiapo cha utii kwa bendera. Dukakis alijitetea kama mwanasheria: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tangu 1943 kwamba huwezi kumlazimisha mtoto wa shule kuisalimu bendera. Alikuwa sahihi. Ila mtu akikuuliza kama unampenda mama yako, humjibu kwa kifungu cha sheria.

Kwa nini beji ya bendera kwenye koti ni jambo kubwa hivyo?

Baada ya Septemba 11, 2001 karibu kila mwanasiasa aliivaa. Oktoba 2007 mwandishi mmoja huko Iowa alimuuliza Obama mbona hana. Obama akajibu kwamba aliivaa baada ya mashambulizi, kisha akaiacha kwa kuwa aliona imegeuka mbadala wa uzalendo wa kweli. Jibu la mtu mwenye akili, na kisiasa lilikuwa kujipalia makaa. Aprili 2008 alikuwa bado anaulizwa, kwenye mdahalo wa taifa mjini Philadelphia. Muda si mrefu beji ikarudi kwenye koti, na akawa akionekana nayo miaka yake minane ya Ikulu.

Wasomaji wa Kenya wanajua kwa nini yeye ndiye aliyeulizwa. Februari 2008 ilisambazwa picha yake aliyopigwa Wajir mwaka 2006, akiwa amevishwa kilemba na shuka na wazee wa Kisomali, heshima anayopewa mgeni yeyote mkubwa anayefika kule. Marekani ilisomwa vingine kabisa. Kisha zikaja tetesi kwamba hakuzaliwa Marekani, nazo zilidumu hata baada ya cheti cha kuzaliwa Honolulu kuwekwa hadharani. Beji ilikuwa njia ya adabu ya kuuliza: wewe ni wa kwetu kweli? Babu yake mzaa mama alikuwa katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia. Hilo halikuulizwa sana.

Trump alimtukana mateka wa vita, na bado akashinda. Iliwezekanaje?

Julai 2015, Ames, Iowa, Trump alisema kuhusu McCain kwamba yeye anawapenda watu ambao hawakutekwa. Trump mwenyewe aliahirishiwa kuandikishwa jeshini mara tano wakati wa Vietnam, nne kwa ajili ya masomo na moja kwa ajili ya mifupa ya kisigino. Wachambuzi walimzika kisiasa siku ileile. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Democratic, Khizr Khan, baba wa kapteni Mwislamu aliyeuawa Iraq mwaka 2004, alichomoa nakala ndogo ya Katiba mfukoni akamwambia Trump kuwa hajajitolea chochote wala yeyote. Trump akamjibu kwa kumshambulia. Akazikwa tena. Novemba alishinda, na katika kura za maoni vituoni, karibu asilimia 60 ya wanajeshi wastaafu walisema wamemchagua yeye.

Maelezo ninayoyaamini, baada ya kuzungumza na majirani wengi wa aina hiyo, ni kwamba waliitofautisha heshima ya sherehe na mambo yaliyowakera. Wengi walikuwa wamechoka na Iraq na Afghanistan, na Trump aliziita vita hizo upumbavu. Wagombea wengine waliwapigia saluti kisha wakawarudisha Kandahar mara ya nne. Wapo pia waliochukizwa naye hadi leo. Jenerali mstaafu John Kelly, aliyekuwa mkuu wa watumishi wake Ikulu na ambaye mwanawe aliuawa Afghanistan mwaka 2010, alithibitisha hadharani mwaka 2023 kwamba Trump alikuwa akiwadharau waliokufa vitani. Trump amekana siku zote.

Nini kilitokea kwenye makaburi ya Arlington mwaka 2024?

Agosti 26, 2024 ilikuwa miaka mitatu tangu bomu la uwanja wa ndege wa Kabul lililoua wanajeshi 13 wa Marekani. Trump alikwenda Arlington, makaburi ya taifa ya wanajeshi karibu na Washington, akaingia Sehemu ya 60, wanakozikwa waliokufa Iraq na Afghanistan. Sheria inakataza shughuli za kampeni makaburini hapo. Mtumishi wa makaburi alijaribu kuzuia upigaji picha, na jeshi lenyewe, ambalo kwa kawaida hukwepa ugomvi wa vyama, likatoa taarifa kwamba mtumishi huyo alisukumwa kando. Kampeni ya Trump ilikanusha. Video ikaonekana mtandaoni vilevile.

Tuwe wa haki lakini: baadhi ya familia za marehemu ndizo zilizomwalika. Zilikuwa na uchungu na Biden kwa namna majeshi yalivyoondolewa Kabul, na zilipomsikia Kamala Harris, makamu wa Biden na mpinzani wa Trump mwaka huo, akilaani ziara ile zilimjibu kwa ukali. Mfiwa ana haki ya kumwalika amtakaye kaburini kwa mwanawe. Kilichokatazwa ni kamera ya kampeni, maana wa kaburi la jirani hakuulizwa.

Tim Walz alidanganya kuhusu jeshi?

Walz alikuwa mgombea mwenza wa Harris mwaka 2024. Alitumikia miaka 24 katika Kikosi cha Ulinzi wa Taifa, akastaafu 2005 ili agombee ubunge, wakati kikosi chake kikielekea kuitwa Iraq. Mwaka 2018, akizungumzia silaha, alisema amezibeba vitani. Hakuwahi kupigana vitani, na kampeni yake ikakiri kwamba alikosea kusema. J. D. Vance, mgombea mwenza wa Trump aliyekwenda Iraq kama mwandishi wa habari wa kikosi cha Marine, akamshutumu kwa kuiba ushujaa. Kosa la ulimi lilikuwepo. Miaka 24 nayo ilikuwepo. Kampeni ikachagua ya kukuza.

Kupiga goti wakati wa wimbo wa taifa kunaingiaje hapa?

Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alianza kwa kukaa kitako wimbo ukipigwa, akipinga polisi kuwaua watu weusi. Nate Boyer, komando mstaafu, alimshauri apige goti badala ya kukaa, kwa kuwa askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Alifuata ushauri wa askari, akaitwa mwenye kuwatukana askari. Trump alilishikilia jambo hilo mwaka 2017 na hakuliachia.

Nani basi anawatetea kwa vitendo?

Angalia kura za Kongresi, usiangalie bendera jukwaani. Mfano ninaoupenda ni wa 2022. Iraq na Afghanistan jeshi lilichoma taka kwenye mashimo ya wazi: plastiki, rangi, betri, mafuta. Askari walivuta moshi ule miezi kwa miezi, wakarudi na saratani na mapafu mabovu, wakaambiwa wathibitishe chanzo. Sheria ya kuwatibu, ijulikanayo kama PACT, ilikwama Seneti mwishoni mwa Julai kwa mvutano wa vyama kuhusu namna ya kuhesabu fedha zake. Wastaafu, baadhi yao wagonjwa, wakahamia kwenye ngazi za Bunge na kulala pale usiku, kwenye joto na mvua, mchekeshaji Jon Stewart akiwapigia kelele mbele ya kamera. Baada ya siku chache, Agosti 2, sheria ilipita kwa kura 86 kwa 11.

Maseneta wale wale, siku sita tu zikiwa zimepita. Kilichobadilika ni kwamba askari walikuwa mlangoni na wanaongea.

Mambo haya yanatugusaje sisi Afrika Mashariki?

Kuliko tunavyodhani. Oktoba 1993 wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya Mogadishu, pamoja na mamia ya Wasomali ambao majina yao hayasomwi popote. Picha za maiti ya Mmarekani ikiburutwa barabarani ziliingia sebuleni kwa wapiga kura, na Clinton akaondoa majeshi yake, kazi iliyokamilika Machi 1994. Aprili mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Washington haikutaka kusikia habari ya kupeleka askari tena Afrika, hata maofisa wake wakakwepa kulitamka neno lenyewe, kimbari, kwa wiki kadhaa. Hofu ya jeneza moja kwenye runinga ya Ohio iliamua mambo ya Kigali.

Sasa linganisha. Septemba 2012 Wamarekani wanne waliuawa Benghazi, Libya, na jambo hilo likapigiwa kelele hadi uchaguzi wa 2016. Januari 5, 2020 al-Shabaab walivamia kituo cha Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu, askari mmoja na wakandarasi wawili, wakateketeza ndege. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Jirani zangu hapa hawakuwahi kuisikia Manda, na sikumbuki mgombea yeyote akiitaja jukwaani. Kifo cha askari huwa habari ya kampeni pale tu kinapomfaa mtu.

Ni kweli Waswahili wapo kwenye jeshi la Marekani?

Wapo tele. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kujiunga bila kuwa raia, na kwa wengi ndiyo njia fupi ya uraia, maana tangu 2002 walioko jeshini wanaweza kuomba bila kungoja miaka mitano. Kati ya 2009 na 2016 ulikuwepo hata mpango wa kuwachukua wenye viza za muda kwa sababu ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kanisani kwetu, Jumapili iliyo karibu na Novemba 11, Siku ya Wanajeshi Wastaafu, mchungaji huwaomba wanajeshi wasimame. Mara ya mwisho walisimama tisa, na akina mama wakawapigia vigelegele kama vya harusini. Vijana wenyewe walikuwa wanatazama viatu.

Mwanangu yuko jeshini na anataka kuvaa fulana ya mgombea. Anaruhusiwa?

Akiwa nje ya kazi na bila sare, ndiyo. Anaweza kupiga kura, kuchangia fedha, kwenda mkutanoni kama mtazamaji, na kubandika stika ya mgombea kwenye gari lake binafsi. Haruhusiwi kwenda mkutano wa chama akiwa na sare, kuhutubia kwa niaba ya mgombea, kuandamana kwenye gwaride la chama, wala kuweka bango kubwa kwenye gari. Anayeishi nyumba za kambini hatakiwi kuweka bango la mgombea uani. Ofisa mwenye kamisheni akimtolea Rais maneno ya dharau anaweza kushtakiwa mahakama ya kijeshi.

Binamu yangu, sajini, alikuja kwetu mwaka 2024 na gari lisilo na stika yoyote. Watoto wakamuuliza anampigia nani. Akacheka, akasema mwenye maoni hapa ni mama yake. Tulipotoka kwenda kula, mtu tusiyemjua akamwona na buti na nywele zile, akamshika mkono, akamshukuru kwa utumishi wake, kisha akaanza kumweleza kwa dakika kumi jinsi wanajeshi wote wanavyomchukia mgombea fulani. Binamu alisikiliza mpaka mwisho. Akajibu, "Ndiyo, mzee," akashika mlango, tukaingia.